Mbaraka Mwinshehe: Gitaa lake nilijifunzia Nyakoe, mauti yake yalimkuta kwetu Mombasa

Kila ifikapo Januari huwa nangoja nione ni nani hapa Pwani atakayemtaja Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Mara nyingi mwezi huisha kimya. Redio itapiga Shida kama inavyoipiga mwezi mwingine wowote, watu barazani wataitikia, kahawa itazunguka, na mambo yataishia hapo. Wachache hukumbuka kwamba mwenye sauti ile na gitaa lile, Mtanzania wa Morogoro, alifia hapa hapa kwetu Mombasa kwa ajali ya gari, Januari 1979. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Mwaka huu nimeona nisimulie maisha yake mwenyewe, na sababu ninayo. Kuna maneno nayasikia kwa vijana wetu wanaopiga gitaa. Wanasema kwamba kukaa na wimbo wa mtu wa zamani, ukaichambua solo yake kipande kwa kipande mpaka uiweze, ni kupoteza wakati. Ati hiyo ni kopi, na kopi si usanii. Wengine hutazama video ya dakika tatu kwenye simu, wakaona pa kuweka vidole, wakaenda zao. Vijana hawa nawapenda na kazi zao nazisikiliza, lakini kwa hili sikubaliani nao. Maisha ya Mbaraka yenyewe ni jibu. Nami nina ushahidi wangu mdogo wa kuongezea, nilioupata mbali kabisa na bahari, katika soko la Nyakoe, kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Oyugis.

Mji wa mkonge, bendi mbili

Mbaraka alizaliwa Juni 1944, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Mwaka huo huo ndio iliyoanzishwa bendi ya Morogoro Jazz, kana kwamba mtoto na bendi waliandikiwa siku moja.

Anayeujua Morogoro anajua sura yake: mji uliokaa chini ya milima ya Uluguru, reli ya kati ikipita, na mashamba ya mkonge yakienea hadi macho yanapochoka. Mkonge ulileta vibarua kutoka kila upande wa nchi. Vibarua wakilipwa hutaka kucheza dansi Jumamosi usiku. Ndiyo maana mji ule usiokuwa mkubwa uliweza kulisha bendi mbili kubwa kwa wakati mmoja: Morogoro Jazz, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah.

Salum Abdallah naye alikuwa mwanafunzi wa sahani za santuri. Alisikiliza muziki wa Kuba ulioletwa Afrika Mashariki, akautia Kiswahili, na jina la bendi yake halikulificha deni hilo. Mwaka 1965 akafariki kwa ajali ya gari, na Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza. Ni katika miaka hiyo hiyo ya katikati ya 1960 ambapo kijana Mbaraka aliingia Morogoro Jazz. Mji ulikuwa umempoteza mfalme mmoja, na mwingine alikuwa mlangoni na gitaa lake. Hakuna aliyejua wakati ule kwamba barabara ingemchukua na huyu pia.

Jazz ipi?

Kijana ataniuliza jazz yenyewe iko wapi hapa, maana akilisikia neno hilo anawaza saksafoni za Marekani. Kwetu neno lilikuja kama jina la heshima la bendi ya dansi. Palikuwa na Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz. Kule Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, palikuwa na African Jazz ya Joseph Kabasele na OK Jazz ya Franco. Walichopiga kilikuwa rumba zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Lakini kuna jambo moja la jazz ya Wamarekani lililokuwamo ndani. Waimbaji wakinyamaza, mpiga gitaa la solo huachiwa uwanja, naye huanza kubuni papo hapo. Hana karatasi mbele yake. Anachokitoa si fujo pia: kinatoka kwa vipande vifupi vyenye mwanzo, pumzi na mwisho, na ukikisikia kimoja unajua kimekwisha kama unavyojua sentensi imekwisha. Mzee aliyenifundisha aliviita misemo, na mimi sijapata jina jingine lililo bora.

Misemo hii hujifunzwa vipi? Duniani kote kwa njia moja. Marekani palikuwa na kijana aitwaye Charlie Christian aliyeligeuza gitaa la umeme kuwa mwimbaji wa mbele, akafariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25 tu. Katika mji wa Indianapolis, Wes Montgomery akanunua gitaa akiwa anakaribia miaka ishirini, akakaa na sahani za Christian mpaka akazipata nota kwa nota. Kazi yake ya mwanzo katika klabu ilikuwa kupanda jukwaani, kupiga solo za Christian kama zilivyo, kisha kushuka, kwa sababu hakuwa na nyingine. Baada ya miaka alikuwa na sauti yake, ya dole gumba badala ya kipande cha plastiki, na wapiga gitaa wengine wakaanza kukaa na sahani zake yeye.

Huku kwetu sahani zilizokaliwa zilikuwa za Congo. Nicolas Kasanda, aliyejulikana kama Docteur Nico, aliingia African Jazz mwaka 1953 akiwa bado mvulana. Kwa miaka mingi iliyofuata ilikuwa vigumu mpiga solo wa Afrika Mashariki kumkwepa yeye au Franco. Sikiliza rekodi za mwanzo za bendi zetu za dansi, utawasikia wote wawili wamekaa ndani. Mbaraka alitoka katika darasa hilo hilo, sawa na wenzake wa rika lake. Linalomtofautisha ni kwamba alifika siku akatoka darasani kwa miguu yake.

Chumba nyuma ya maduka

Mimi nilihamishiwa Nyakoe mwaka 1984 kufundisha Kiswahili. Mtoto wa Mombasa, sikuwahi kuishi mahali ambapo wingu hukusanyika karibu kila alasiri na usiku hudai blanketi mbili. Milima imejaa chai na migomba. Magari ya Kisii na Kisumu husimama sokoni, mikungu ya ndizi ikapanda, abiria wakashuka, na gari likiondoka unasikia tena mvua kwenye mabati. Nilipanga chumba nyuma ya maduka, na jirani yangu alikuwa mzee fundi wa redio ambaye zamani alipiga gitaa katika bendi ndogo za dansi mjini Kisii. Jina lake nalihifadhi. Mimi nilimwita Mzee, yeye akaniita Mwalimu, ingawa jioni mwalimu alikuwa yeye.

Mzee alikuwa na kinanda cha santuri cha kutumia betri, sahani ndogo chache, na kaseti za Ukumbusho. Ukumbusho ndilo jina Polydor waliloupa mfululizo wa nyimbo za Mbaraka zilizokusanywa upya baada ya kifo chake. Katika nyumba ile ya udongo na mabati, na mwenye nyumba ambaye lugha yake ya nyumbani ni Ekegusii, nilimkuta mtu anayemjua Mbaraka kuliko yeyote niliyewahi kukutana naye Mombasa.

Nilimwomba anifundishe. Mwezi wa kwanza hakuniruhusu kuligusa gitaa. Alinipa msemo mmoja, wa sekunde nne au tano, akanitaka niupige mluzi. Niliusikiliza, nikaurudisha, nikaupiga mluzi nikienda kisimani, nikaupiga nikisahihisha madaftari. Nilipouweza, akanitaka niuimbe bila kaseti. Nilipouimba, akaniuliza Mbaraka anapumua wapi. Hapo nikaanza kusikia kitu ambacho miaka yote ya kuzisikia nyimbo zile redioni sikuwa nimekisikia: vile anavyonyamaza. Baina ya msemo na msemo anaacha nafasi, besi ikapita, ngoma ikapita, ndipo anarudi. Mwanafunzi wa haraka hunakili nota akaiacha nafasi, na akimaliza hushangaa kwa nini hafanani na aliyemwiga.

Miezi mitatu iliyofuata nilipiga ridhimu tu. Mzee alishikilia kwamba solo ni mazungumzo, na huwezi kuingia katika mazungumzo bila kujua mwenzako anasema nini. Nyimbo nyingi za dansi hutembea juu ya sauti tatu, zikizunguka bila kuchoka. Mpiga solo anajua kila wakati ziko wapi, na msemo wake hutua pale sauti inapobadilika, au hutangulia kidogo, au huchelewa makusudi. Ukijifunza msemo bila kuijua njia iliyo chini yake, umehifadhi jina la mji usioujua uliko.

Ndipo tukaja kwenye shingo ya gitaa. Misemo iliyokuwa na kasi tuliichukua kutoka kwenye sahani. Sahani ndogo huzunguka mara 45 kwa dakika. Mzee aliishusha kwenye 33, na wimbo ukaenda taratibu kama mtu anayepanda mlima na gunia. Taabu ni kwamba sauti nayo hushuka, hatua tano na kidogo za shingo ya gitaa, kwa hivyo ilitubidi tulegeze nyuzi zote ili tukutane naye huko chini. Tukishaupata msemo tunakaza nyuzi, tunarudisha mwendo, na kuupiga palepale alipoupiga yeye. Kaseti ilikuwa na kisa chake. Betri zikianza kufa, Mbaraka alianza kuimba kwa sauti ya babu, na gitaa lake likashuka polepole chini ya letu. Tulikuwa tukirudisha kanda kwa kalamu ya wino, tukiizungusha kwa mkono, ili betri zile zilizobaki zitumike kusikiliza tu.

Msomaji wangu aliyesoma chuoni ataitambua njia hii. Mtoto wa miaka saba huhifadhi sura ambayo haelewi hata neno lake moja. Anayeangalia kutoka nje huona ni kukariri tu. Lakini akiwa mtu mzima, maana inapomjia humkuta tayari ana pa kuiweka. Washairi wetu nao hawakuanza kwa kutunga. Walianza kwa kuhifadhi mashairi ya waliowatangulia, mpaka mizani ikakaa kifuani bila kuhesabiwa kwa vidole.

Gitaa linalosema Kiswahili

Katika mizani ndipo mimi nilipokuwa na kitu cha kumpa Mzee. Kiswahili, kama mnavyojua, hukaza sauti kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Semeni Mombasa, semeni Morogoro, semeni kumbuka: uzito uko pale pale. Nilipokuwa nimeshika misemo kama mitano ya Mbaraka niliona, kwa sikio langu la mwalimu wa lugha, kwamba mingi inamalizika vivyo hivyo. Nota ya mwisho ni nyepesi, imedondoshwa tu, na uzito wote umewekwa kwenye iliyo kabla yake. Gitaa lake linamaliza msemo kama Mswahili anavyomaliza neno.

Nilipomweleza Mzee alinyamaza, akairudia ile misemo mmoja mmoja, kisha akacheka. Alikuwa ameipiga hivyo kwa miaka mingi bila kuulizwa sababu. Naye akanionyesha lake. Waabagusii wana zeze kubwa liitwalo obokano, lenye nyuzi nane, ambalo mpigaji hulikalia chini na kulifanya lingurume. Mzee alikulia akilisikia kwenye harusi. Alinionyesha kwamba kuna namna ya kurudia uzi mmoja wa chini wakati vidole vingine vinatembea juu, na kwamba alipoanza kumjifunza Mbaraka mkono wake ulikwenda huko wenyewe. Alikuwa akiupiga msemo wa Morogoro kwa mkono wa Nyakoe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hoja ya kopi haisimami. Huwezi kumwiga mtu mpaka mwisho hata ukitaka. Ukikaa naye muda wa kutosha, lugha yako, ngoma za kwenu na umbo la vidole vyako huanza kujionyesha pale usipotarajia. Asiyeiga kwa makini hajui anapotofautiana na mwalimu wake. Anayeiga kwa makini anapajua, na hapo panapokataa kufanana ndipo sauti yake inapoanzia.

Ndivyo nilivyosikia maisha ya Mbaraka pia, kwa kuzipanga rekodi zake na kuzifuata kwa vidole. Katika nyimbo za mwanzo mkono wa Congo unaonekana. Kadiri miaka inavyosogea misemo inakuwa mirefu, ina subira zaidi, inajibizana na uimbaji wake mwenyewe. Kumbuka kwamba huyu alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga solo kwa pamoja. Anaimba neno, na gitaa linamjibu. Ni mtu mmoja anayeulizana na nafsi yake mbele ya ukumbi mzima.

Kutoka Osaka hadi Volcano

Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Expo 70 mjini Osaka, kuiwakilisha Tanzania. Hebu ifikirie safari hiyo. Muziki uliolelewa na vibarua wa mkonge ulipanda ndege ukaenda kusimama mbele ya mataifa, ukiimba kwa Kiswahili.

Nyumbani alikuwa sauti ya mambo ya watu. Dr. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa siku ya Krismasi 1971 wakati wa siasa kali za ujamaa vijijini, Morogoro Jazz walitoa wimbo wa jina lake. Aliimba mapenzi, aliimba pesa na ukosefu wake, aliimba shemeji na majirani. Hakuwa mtu wa mafumbo mazito. Alisema jambo waziwazi, kisha akaliachia gitaa lizungumze yale ambayo maneno yasingeyafikia.

Mwaka 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda bendi yake, Super Volcano. Kwa mtu aliyekuwa nguzo ya bendi yenye umri sawa na wake, hilo halikuwa jambo dogo. Mashabiki wa dansi wakati ule walikuwa na bendi zao kama leo watu walivyo na timu za mpira, na bendi ilijulikana kwa mtindo wake. Super Volcano ilibidi ijenge mtindo wake na wafuasi wake, na ikaweza. Rekodi za miaka hiyo ndizo Mzee alizonifundishia zaidi, kwa kuwa ndimo, alivyoona yeye, Mbaraka alikuwa amekwisha kulipa karo ya shule yote.

Hapa Pwani tulimpata kwa njia mbili. Radio Tanzania ilisikika vizuri Mombasa, na iliwarekodi wanamuziki wake yenyewe na kuwapiga mchana na usiku. Njia ya pili ilikuwa sahani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani, kwa hivyo wanamuziki wake wakitaka kuuza rekodi walitazama Nairobi. Mbaraka akawa wa nchi mbili. Sauti ni ya Morogoro, sahani ni ya Nairobi, na wasikilizaji wako kuanzia Rufiji hadi Kisii.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Ndugu waliokuwa wakitembeleana Tanga na Mombasa wakajikuta ni wageni. Nyimbo hazikuulizwa pasi. Ni katika miaka hiyo ya uhasama wa serikali ambapo Shida ilishika Kenya nzima, na mtu aliyeiimba alipendwa huku sawa na alivyopendwa kwao.

Januari 1979

Alikuwa upande wetu wa mpaka ajali ilipotokea. Nilikuwa kijana, na nakumbuka habari ilivyopita Mwembe Tayari: kwanza kama uvumi wa madereva, kisha redioni, kisha nyimbo zake zikifuatana bila mtangazaji kusema mengi. Vinyozi walizima mashine. Mtu aliyekuwa ametuimbia taabu zetu alikuwa amepatwa na yake kwenye barabara zetu.

Miaka 34 ni michache. Ondoa utoto, inabaki kama miaka kumi na minne tu ya kazi, tangu alipoingia Morogoro Jazz hadi siku ile. Ndani yake aliacha nyimbo nyingi kiasi kwamba Ukumbusho ulihitaji kutolewa sahani baada ya sahani. Nami huwa nafikiri kwamba kila msemo tunaousikia katika rekodi zile ulibuniwa mara moja tu. Usiku wa pili ukumbini angeupiga kwa namna nyingine. Tulichonacho ni alichosema siku ile studio, na mamia ya misemo ya kumbi za Morogoro, Dar es Salaam na Mombasa yalikwisha taa zilipozimwa.

Deni la Pwani

Nilikaa Nyakoe miaka mitatu. Kwa hesabu ya kijana wa leo mavuno yangu ni kidogo: misemo kumi na mmoja. Siku chache kabla sijahama, Mzee alinipa mtihani. Aliimba wimbo wa harusi wa Kigusii, wimbo ambao Mbaraka hakuwahi kuusikia, akanitaka nimjibu kwa misemo niliyojifunza. Ilibidi niikate, niihamishe, niibadilishe miisho ili imfuate. Nilipomaliza hakunisifu. Alinitengenezea chai. Kwa waliomjua, hiyo ilikuwa shahada.

Mzee alifariki mimi nikiwa nimesharudi Mombasa. Kwa jinsi nilivyomjua, misemo yake ilikuwa vidoleni na hakuiandika popote. Ile namna yake ya kuutia mkono wa obokano katika msemo wa Morogoro haimo katika rekodi yoyote, na mimi nimebaki na sehemu yake ndogo. Nikiufikiria mnyororo wenyewe nauona hivi: Congo ikamfundisha kijana wa Morogoro, naye bila kujua akamfundisha fundi wa redio wa Nyakoe, na fundi akamfundisha mwalimu wa Mombasa. Pete ya mwisho ni mimi, na nywele zangu ni nyeupe. Mnyororo wa namna hii haukatiki kwa kishindo. Hukatika siku mtu mmoja anapokosa wa kumpigia.

Kwa hivyo nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wazee wenzangu wa Mombasa, Kilifi, Lamu na Kwale. Kama uliwahi kumwona Mbaraka jukwaani, au ulicheza Volcano ilipopiga huku, mketishe mjukuu wako akurekodi kwa simu yake. Sema ukumbi ulikuwa wapi, kiingilio kilikuwa nini, alisimama vipi, aliianza vipi solo yake. Mji alikofia mtu una haki juu ya kumbukumbu yake, na una wajibu pia. Mimi niliyezaliwa mji huu sijapita mahali palipoandikwa jina lake.

La pili ni kwa vijana wa gitaa. Chagua wimbo mmoja wa Mbaraka, na ndani yake msemo mmoja. Wiki nzima usilishike gitaa. Upige mluzi ukiwa kwenye feri ya Likoni, uuimbe jikoni, utafute anapopumua. Kisha jifunze ridhimu iliyo chini yake, na ndipo uuweke vidoleni, taratibu, mpaka masikio yako yashindwe kuwatenganisha nyinyi wawili. Ukifika hapo utaona pahali fulani, pengine ni mwisho wa msemo, ambapo mkono wako unataka kwenda njia nyingine. Usiuzuie. Hapo ndipo alipofika Mbaraka na sahani zake za Congo, na alipoendelea mbele tukampenda.

Mimi nipo nyumbani jioni nyingi. Gitaa lipo, na misemo yote kumi na mmoja ipo. Hapana ada, ila mwezi wa kwanza ni wa mluzi tu.